Mimba Iliyokuja Juu ya Azli

Tumeletewa suali na ndugu mmoja Mwislamu akaaye Kangeta, katika nchi ya Meru, huko itokako miraa iletwayo mijini kwetu. Yeye na mkewe waliafikiana wapumzike kuzaa, wakashika azli, yaani mume kumwaga nje. Kisha mke akashika mimba. Sasa auliza: je, yamfalia kuikana mimba hiyo?

Jawabu yetu: la, haimfalii.

Azli yenyewe wanavyuoni wengi wameijuzisha. Jabir bin Abdillahi amepokea kuwa Masahaba wakiifanya zama za Mtume (s.a.w.), na wako waliyoshurutisha ridhaa ya mke. Lakini kuwa halali ni jambo moja, na kuwa yakini ni jambo jingine. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa habari ya mtu aliyeambiwa na Mtume kuwa afanye azli akipenda, ila lililokadiriwa litakuja. Kisha akarejea kusema kuwa mjakazi wake amekwisha shika mimba.

Matabibu wa leo nao wamelitia jambo hili katika hesabu. Katika wanawake 100 wenye kutegemea azli mwaka mzima, kiasi cha 20 hushika mimba. Na hata ikifanywa bila kosa lolote, hushika kama 4. Kuhesabu siku nako kuna hatari yake: yai la mke huishi kama siku moja, lakini mbegu ya mume yaweza kukaa hai ndani yake hata siku 5, na hedhi hutangulia au hukawia. Kunyonyesha kuna nguvu zaidi, mimba hazifiki 2 katika 100, lakini kwa masharti matatu: mtoto hajapita miezi 6, hedhi haijarudi, naye anyonya tu, usiku na mchana, bila ya chakula kingine. Likivunjika moja, kinga imekwisha. Wadhanio kuwa miaka miwili yote ya kunyonyesha ni kinga wamekosea.

Basi aliyechagua njia isiyo yakini amekwisha mkubali mtoto atakayekuja kwa njia hiyo. Vipi leo aiache ndoa, iliyo yakini, ashike dhana? Kumtuhumu mwanamke mwema ni katika madhambi makubwa, na mtoto asiye na kosa hunyimwa nasaba yake.

Ndugu yetu, rejea kwa mkeo, umtake radhi, umtunze. Na ukitaka njia madhubuti zaidi, nendeni kwa tabibu nyote wawili.

Wallahu aalam.