Hikima ya Amri za Mwenyezi Mungu: Mwili wa Sharia na Roho Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Himdi zote ni zake, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Liko suala linaloulizwa sana katika mabaraza ya Dar es Salaam, na khasa baina ya vijana wa Kariakoo baada ya sala ya isha. Mwenyezi Mungu ameamrisha na amekataza. Je, amri hizo zina makusudio yanayofahamika kwa akili, au ni kutii tu? Na mtu akisha kuyajua makusudio, je, yatosha kuyashika hayo na kukiacha kitendo? Huyu husema: Nguruwe alikatazwa kwa maradhi yake, na leo nyama hukaguliwa machinjioni, basi makatazo yamebaki kwa nini? Na yule husema: Sala ni ya kuusafisha moyo; mwenye moyo safi aihitajia nini? Masuala haya si madogo, kwani mwenye kuyajibu vibaya huweza kuipoteza dini yake naye adhani ameifahamu.

Umma uliotutangulia katika suala hili ni Mayahudi. Wanavyuoni wao wahesabu katika Taurati amri 613: za kutenda 248, na za kuacha 365. Nao huzigawa mafungu. Ziko ambazo akili yaziona bila ya kuonyeshwa, kama kukatazwa kuua na kuiba. Na ziko ambazo sababu yake imefichika, kama kutovaa nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Said al-Fayyumi, aliyekufa mwaka 942, aliandika kwa Kiarabu akizitenga amri za akili na amri za kusikia. Akaja baada yake Musa bin Maimun, mzaliwa wa Cordoba, tabibu wa Misri, aliyekufa mwaka 1204. Yeye alishika kwamba hapana amri hata moja isiyo na faida, na kwamba faida zote zarudi kwenye mambo mawili: kutengenea kwa hali za watu, na kutengenea kwa roho kwa imani ya kweli. Lakini aliwaonya wenye kutafuta sababu ya killa kijambo kidogo, kwa nini hesabu hii na si ile, akasema hao wajiweka mbali na haki.

Wala mtu asistaajabu kuona maneno haya yakaribiana na ya wanavyuoni wetu. Sharia ya Nabii Musa, amani imshukie, ilitoka kwa Mola yule yule, ingawa hukumu zake zimeondolewa kwa sharia ya Mtume wetu. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, ameeleza kwamba sharia yalinda mambo matano: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Na Izzuddin bin Abdissalam, Mshafii, aliyekufa mwaka 660, alitunga kitabu kizima kuonyesha kwamba amri zote ni kuleta maslaha au kuondoa madhara. Hata hivyo, mafakihi wetu wamegawa hukumu mafungu mawili: zenye maana ifahamikayo, na za taabudi, yaani za kumwabudu Mungu bila ya kujua kwa nini rakaa za magharibi ni tatu na za isha ni nne. Na Ghazali, alipofika kwenye kutupa vijiwe huko Mina, alisema kwamba kitendo kile nafsi haina fungu lake ndani yake wala akili haikiliwazi. Na kwa hivyo ndicho kilicho karibu mno na utumwa ulio safi. Mtu akitenda lile tu alilolielewa na kuliridhia, huenda ikawa aitii akili yake, si Mola wake.

Basi hapa pana jambo la kupambanua: sababu ya hukumu si hikima ya hukumu. Mtazame msafiri. Ameruhusiwa kupunguza sala kwa sababu ya safari. Hikima yake ni kumwondolea mashaka. Anayepanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, ambayo ilianza kufika huko mwaka 2024, huketi juu ya kiti laini na upepo wa baridi wampuliza. Naye aruhusiwa kupunguza, kwani safari ipo. Na hamali wa Kariakoo, avutaye mkokoteni wa magunia juani tangu alfajiri, haruhusiwi, ingawa taabu yake ni kubwa zaidi. Lau hukumu ingalifuata hikima, killa mtu angalijipimia taabu yake mwenyewe, na wavivu wangalikuwa wa kwanza kujiona wamechoka. Ndivyo ilivyo katika nguruwe: maradhi huweza kuwa hikima moja katika hikima nyingi, lakini makatazo hayakufungwa nayo. Anayesema daktari amemhalalishia amemweka daktari mahali pa Mtume.

Hilo ndilo kosa la kwanza: kudai roho na kuutupa mwili. Kosa la pili ni kinyume chake, nalo ni la hatari zaidi kwa watu wa dini, maana hujificha ndani ya utiifu. Qurani imetuhadithia khabari ya mji uliokuwa kando ya bahari, ambao watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Samaki wakawajia siku hiyo waziwazi, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wameeleza kwamba walitega mitego kabla ya Sabato na kuiopoa baada yake. Wakasema, hatukuvua siku iliyokatazwa. Sharia ilibaki katika ndimi zao, na roho yake imekwisha kutoka. Hadithi hii haikuletwa ili tuwacheke Mayahudi. Imeletwa ili tujitazame.

Na tujitazame basi. Adhana ya Ijumaa ikisomwa na khatibu ameketi juu ya mimbari, biashara ni haramu kwa anayewajibikiwa na sala. Lakini katika madhehebu ya Shafii, mauzo yenyewe yakisha kufungwa husihi: mali ni yake, na dhambi ni yake. Mwenye duka wa mtaa wa Kongo akisikia hivyo hufurahi kwamba mali haikubatilika, akasahau lile la pili. Mwingine humwacha dukani mtoto asiyebaleghe, akaenda msikitini. Wala hajui kwamba kwa Shafii mauzo ya mtoto hayasihi. Na mwingine huacha dukani mtu asiyelazimika na Ijumaa, nalo halina ubaya. Lakini yeye ameketi safu ya mbele na moyo wake wahesabu fedha. Mwili umeitika mwito, na kilichokusudiwa, kumkumbuka Mwenyezi Mungu, hakikupatikana.

Vivyo hivyo mizani. Sura ya Mutaffifin imewatisha wale wanaojipimia kwa kutimiza na kuwapimia wengine kwa kupunguza. Yuko mchuuzi ambaye mizani yake ya Kariakoo haina kasoro hata ya chembe. Lakini kule shamba alinunua lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, akamlipa mkulima bei ya gunia moja. Mizani imesalimika, na uadilifu umeangamia.

Mtu asije akasema: ikiwa mwili bila ya roho haufai, bora roho peke yake. Katika Uganda alikuwako Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, ambaye mwaka 1919 karibu na Mbale alijitahiri yeye na wanawe kwa kuwa aliyaona maagizo hayo katika Taurati. Yahadithiwa kwamba aliambiwa, hiyo ni desturi ya Mayahudi. Akajibu, basi sisi ni Mayahudi. Alikufa mwaka 1928, na wafuasi wake huitwa Abayudaya. Katika utawala wa Idi Amin, baina ya 1971 na 1979, walikatazwa ibada yao, na wengi wakaiacha. Wachache waliobaki walishika Sabato na sala zao kwa siri, na kwa hao jamaa ile ikarudi kusimama. Sisi hatufuati dini yao. Lakini zingatio lipo. Makusudio mema yasiyo na kitendo hayarithiwi. Mtoto haoni nia ya babake. Huona sijida yake.

Kwa hivyo amri ni mfano wa mtungi na maji. Mwenye kuuvunja mtungi kwa kuwa ayataka maji atakufa kwa kiu; na mwenye kuupamba mtungi mtupu atakufa naye, mtungi u mkononi. Seyidna Umar alilibusu Jiwe Jeusi naye akijua, akatamka mbele za watu, kwamba ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba alibusu kwa kuwa alimwona Mtume akilibusu. Katika kitendo kile akili ilikuwa macho, na utiifu ulikuwa kamili. Muumini na atafute hikima kwa kadiri ya elimu yake, kwani huzidisha mapenzi; akiipata ashukuru, na asipoipata atende. Na akisha kutenda, auulize moyo wake kama ulikuwako.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kushika amri zake kwa viungo na kwa nyoyo, na atukinge na hila za nafsi zetu. Amin.