Hasi, au Kipimo Hakikusoma?



Ukipeleka makohozi kupimwa TB kwa GeneXpert, mashine hutafuta vinasaba vya vimelea na kuvizidisha mara nyingi hadi vionekane, ndani ya saa mbili hivi. Ila ndani ya katriji kumeshawekwa viini vya bakteria mwingine, asiye wa TB. Kazi yake? Aonekane tu. TB isipoonekana lakini yeye akaonekana, jibu ni hasi. Wote wawili wakiwa kimya, jibu si hasi. Ni batili, na kipimo kinarudiwa.

Sasa njoo kwenye kutafiti dhamiri. Kijana anayenunua mahindi kwa lumbesa huku Ufipa anapiga magoti jioni, anajichunguza, haoni kitu. Analala fofofo. Je, moyo wake ni safi, au hausomi? Mimi nadhani aujaribu kwanza kwa jambo analolijua wazi: yule mama ambaye gunia lake lilishindiliwa hadi likaota kilemba, akalipwa bei ya gunia la kawaida. (Tusimcheke, wangapi tunaibia mitihani?) Moyo ukinyamaza hata hapo, basi asijihesabie hasi. Aende kwa padre amwambie hivyo hivyo: "Padre, sisikii kitu."