Je, Kumsifu Anayejifunza Kupika ni Wema?

Nilipopanga chumba Kampala sikujua kusonga ugali, ambao hapa tunauita posho. Nyumbani, jikoni palikuwa pa dada zangu. Mara ya kwanza nilimwaga unga wote kwa pamoja. Ukawa na mabonge, ndani mbichi. Mwenzangu wa chumba alikula, akasema, "Mtamu sana." Wiki mbili nikarudia kosa lile lile.

Kisha dada akanitembelea. Alionja, akasema, "Kaka, huu haujaiva. Maji yachemke kwanza, unga utie kidogo kidogo." Hata hivyo alimaliza sahani yake.

Nani alinitendea wema? Naona sifa ya uongo humwacha mtu na kosa lake, na ukweli wenye dharau humfukuza jikoni. Wema ni kumwambia kweli huku ukiendelea kula naye.