Uroho wa Macho

Hoja iliyonikera ni fupi: kitabu cha mapishi si kitabu cha kusoma. Aliyeitoa ni mwenyekiti wa kamati yetu ya maktaba ya mtaa, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, na aliitoa kalamu ikiwa mkononi, akipunguza orodha ya vitabu vya kununuliwa kwa fedha ya michango. Riwaya zilipita. Tamthilia zilipita. Kitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji kilipita bila mtu kukohoa. Zamu ya vitabu vya mapishi ilipofika, akavipiga mstari vyote. Nikauliza kulikoni. Akanijibu kwa upole wa mtu anayemwelekeza mtoto: "Ndugu yangu, chakula huliwa, hakisomwi. Mtu kukaa kitako akasoma pilau asiyoipika wala hataila, huo ni uroho wa macho." Wajumbe wakacheka, nami nikacheka kwa adabu, kisha kikao kikaendelea na mengine.

Kicheko kile kimenikwama kooni. Sina ugomvi na kuvikosa vitabu vyenyewe. Fedha ilikuwa ndogo kweli. Ugomvi wangu ni na sababu iliyotolewa, kwani ndani yake mna falsafa nzima: kwamba yapo mambo ya kufikiriwa na yapo mambo ya kutendwa tu, na sufuria imo katika hayo ya pili. Sitapoteza muda kueleza sanaa ni nini, maarifa ni nini, raha ni nini. Kamusi zipo, na wenye shahada zao wapo. Nataka kujua jambo moja: anayesoma habari za chakula asichokila anapata kitu cha kweli, au anajidanganya?

Mwenyekiti ana babu wa kifikra, hata kama hawajawahi kukutana. Katika majadiliano ya Plato yaitwayo Gorgias, ya karne ya 4 kabla ya Kristo, Socrates anadai kwamba upishi si sanaa wala ufundi. Ni mazoea tu, tena ni ndugu wa kujipendekeza: tabibu anaupa mwili kinachoufaa, mpishi anaupa kinachoufurahisha. Maneno makali. Lakini katika majadiliano hayohayo anatajwa mtu aitwaye Mithaecus, aliyeandika kitabu cha upishi wa Sisilia. Kitabu hicho kimepotea. Kilichosalia ni kipande kidogo ambacho mwandishi Athenaeus alikinukuu karne nyingi baadaye, kinachoeleza jinsi ya kumtengeneza samaki kwa jibini na mafuta, na ndani yake mna agizo kwamba kichwa kitupwe.

Kitupwe! Mtu yeyote aliyekulia pwani ya kwetu angemshika mkono. Kichwa ndicho mchuzi wenyewe. Mashavu, macho, ule utelezi wa mifupani unaoufanya mchuzi wa nazi ushike wali. Sijawahi kumla samaki wa Mithaecus na sitamla, ila nimebishana naye. Nimemwona alivyo na haraka, alivyo na uhakika, jinsi ambavyo hakudhani kuna atakayemuuliza. Zaidi ya miaka 2,300 inatutenganisha, na bado tumegombana juu ya kichwa cha samaki. Kama huko si kusoma, sijui wenzangu wanafanya nini na riwaya zao.

Sasa nirudi kwenye hoja ya mwenyekiti, maana nimeahidi nafsi yangu kutoiacha mpaka niimenye. Ina maganda mawili.

Ganda la kwanza ni kwamba kitabu cha mapishi ni maelekezo tu, na maelekezo hufuatwa, hayasomwi. Anayesema hivyo Uswahilini ajihadhari. Miongoni mwa tungo zinazoheshimiwa kupita zote katika lugha yetu ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na mama wa Pate mnamo 1858 kwa ajili ya binti yake. Ni nini utendi ule kama si maelekezo? Mama mgonjwa anamweleza mwanawe jinsi ya kuishi na Mungu, na watu, na mume, na nyumba. Tunaufundisha, tunauchambua, tunabishana kama unamnyenyekeza mwanamke au unamfundisha busara, na wengi wetu tunaousoma si mabinti wa nyumba ya kisultani wala hatutamfuata kila anachoagiza. Hakuna aliyesema tusiusome kwa kuwa hatuutekelezi. Maelekezo yakiandikwa vizuri yanamleta msemaji wake mbele yetu, na huyo ndiye tunayemsoma.

Tena tazama ubaguzi uliomo. Maktaba nyingi duniani hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, ambao unaweka ufugaji wa kuku kwenye 636.5 na upishi kwenye 641.5. Ni majirani, wote wawili ndani ya kundi la 600, la sayansi tumizi na ufundi. Katika kikao chetu, kuku akiwa hai alikuwa elimu. Alipoingia sufuriani akawa uroho. Na kitabu cha ufugaji kilichopita bila kukohoa nacho ni maelekezo matupu: chanjo, banda, pumba. Sijaona tofauti isipokuwa hii, kwamba mradi wa kuku una fedha na unaweza kuwa wa baba, na jikoni hakuna mshahara.

Ganda la pili ndilo lililonichoma: asiyekipika wala kukila asikisome. Mwenyekiti huyohuyo ni mpenzi wa riwaya za upelelezi, na sijasikia kwamba amewahi kukamata mwizi. Anasoma vita akiwa kitini. Anasoma mapenzi ya watu wengine, na mkewe hajalalamika. Kwa nini chakula peke yake kidaiwe risiti? Anayedhani kusoma biriani ni njia mbovu ya kula biriani amekosea shughuli yenyewe. Kula hutuliza hamu, na kusoma huichunguza. Aliyeshiba hana haja ya kujua kwa nini kitunguu cha biriani hukaangwa mpaka kiwe kikavu na chekundu kabla ya kusagikia kwenye masala. Mwenye kusoma anaona sababu: kitunguu kibichi kingetoa maji na utamu mwepesi, mpishi huyu anataka uzito na uchungu kidogo. Anaona mtu akifanya uamuzi.

Wala si kweli kwamba kusoma chakula ni anasa ya walioshiba. Elizabeth David alichapisha A Book of Mediterranean Food mwaka 1950, Uingereza ikiwa bado inagawa chakula kwa vibali. Mgao haukukoma mpaka 1954. Aliwaandikia watu habari za bilingani, zeituni, ndimu na mafuta mabichi, vitu ambavyo wengi wao hawakuweza kuvipata hata wangekuwa na fedha. Wakasoma. Na kuna mfano mzito kuliko huo. Katika kambi ya Terezín, mahali ambapo leo ni Jamhuri ya Cheki, wanawake wa Kiyahudi waliofungwa na Wanazi waliandika mapishi ya nyumbani kwao kwa kumbukumbu, keki na maandazi, wakiwa na njaa ya kuua. Mina Pächter, aliyeyakusanya, alifia humo mwaka 1944. Daftari lilichukua kama miaka 25 kumfikia binti yake New York, na likachapishwa kama kitabu mwaka 1996. Nani atathubutu kuwaambia wale kwamba huo ni uroho wa macho? Hata waliosoma shule za bweni wanalijua jambo hili kwa kipimo chao kidogo. Taa zikishazimwa, matumbo yakiwa na ugali na maharage yale ya wadudu, mmoja huanza kueleza samaki wa kupaka wa bibi yake, na bweni zima linanyamaza. Akikosea hatua, sauti inatoka gizani: "Kwanza unambanika, ndiyo unampaka!" Ni watu wanaosikiliza kwa makini kuliko darasani.

Kuna walioanza kwa kuiheshimu raha ya chakula yenyewe. Muhammad al-Baghdadi aliandika kitabu chake cha upishi huko Baghdad mwaka 1226, miaka 32 kabla ya Wamongolia kuuteketeza mji. Katika utangulizi alizipanga raha kuwa sita: chakula, kinywaji, mavazi, mambo ya ndoa, manukato na sauti, kisha akaiweka ya chakula juu ya zote, kwa kuwa mwili husimama juu yake. Na sisi wenyewe tunaijua pwani yetu ya kale kwa sehemu kupitia sahani. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika wali uliopikwa kwa samli, kitoweo cha kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na embe. Akashangaa jinsi mtu mmoja anavyokula chakula cha kundi. Angekuwa na mwenyekiti wangu begani, pangebaki misikiti na masultani tu.

Wapo wenye hoja za haki zaidi kuliko ya mwenyekiti. Wanaosema kwamba kuusifu upishi wa nyumbani ni kumpamba mwanamke kwa moshi wa mkaa wanasema kweli. Wanaosema kwamba mapishi yakishaandikwa, mikono kumi tofauti hugeuka mkono mmoja, nao wana lao. Lakini kuna hata kisichoandikwa kabisa.

Nikiruhusiwa, nitasema neno juu ya ukoko. Sijaona kitabu cha mapishi cha Kiswahili kinachoueleza, na nadhani ni aibu. Wali wa nazi ukishakauka tui, umefunikwa na umepaliwa makaa juu ya kifuniko, chini ya sufuria mambo yanabadilika. Maji yalipokuwapo, joto halikuvuka nyuzi 100. Yakiisha, linapanda, na zile sukari na protini za wali na tui zinaanza kugeuka rangi kwa njia ambayo Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza mwaka 1912. Dakika chache hakuna kitu, dakika chache nyingine umeunguza. Kati ya hapo kuna ukoko wa rangi ya kahawa, unaotoka na mwiko kwa vipande, mgumu upande wa sufuria, laini upande wa juu. Wairani wanauita tahdig na wanaupindua kwenye sinia kwa majivuno mbele ya wageni. Wahispania wanausikilizia ndani ya paella, nao wanauita socarrat. Wakorea wanatia maji juu yake na kunywa. Sisi tunampa mtoto aliyekwenda kuosha sufuria. Mgeni anapewa wali mweupe, na kitu kitamu kuliko vyote kinaliwa uani, kwa kusimama, kwa kugombaniwa. Najiuliza kama adabu yetu ndiyo iliyouficha ukoko usiingie vitabuni. Au pengine ni mtamu kwa sababu haukuandikwa: haupikwi wenyewe, unatokea wakati unapika kingine. Ukiupika kwa makusudi, kama wanavyofanya Wairani, je, bado ni uleule? Nimewauliza watu wa nyumbani kwangu swali hili na nimeambiwa niache kukwangua sufuria.

Swali la ukoko linanipeleka mahali nisipopapenda. Vitumbua tulivyokula kwenye kikao kile vilitoka kwa mama anayekaangia kona ya barabara, karibu na maktaba itakapokuwa. Analoweka mchele usiku, anaupeleka mashineni alfajiri, anautia tui, hamira, sukari na iliki, anauacha uumuke. Kabla ya kuanza kuchoma anachota uji kwa upawa na kuumimina tena taratibu, akitazama jinsi unavyojikunja ukianguka. Ukijikunja haraka anaongeza tui kidogo. Ukipotea bila alama anasubiri. Halafu kijiko cha mafuta katika kila kishimo cha chuma, uji, na matundu yakishapasuka pembeni na kubaki wazi, anageuza kwa ncha ya kijiti. Nilimuuliza uji unatakiwa uanguke vipi. Akasema: "Utauona, mwanangu." Nimetazama. Sijauona.

Yote niliyoyatetea hapa, Mithaecus na Terezín na Baghdad, ni ya watu walioandika. Yeye hajaandika na hana haja ya kusoma, na alijualo halinipungukii mimi kwa kukosa kitabu, linanipungukia kwa kukosa miaka yake. Nikisema kusoma chakula ni raha inayojitegemea, isiyodai risiti ya jikoni, basi nimeikata kwenye mkono wake, na kitabu kikiingia rafuni yeye hatapata chochote, hata jina. Nikisema raha hiyo inamtegemea yeye, kwamba bila anayekijua kitumbua kwa jicho maandishi yote ni maneno, basi nimemrudishia mwenyekiti nusu ya hoja yake, pamoja na kicheko. Ningependa kushika pande zote mbili, na sijaona mahali pa kushikia. Nimeandika kurasa hizi kwa ajili ya heshima ya jiko, nikitetea raha ambayo haimhitaji mpishi awepo. Mwenyekiti bado hajaliona pengo hilo. Siku akiliona, itanibidi nianze kubishana upya.