Nani, na Nini?

Wajukuu zangu, sogeeni. Nimeyapitia madaftari yenu ya Kiingereza, nami nina neno.

Zamani nilikuwa karani kwenye ghala la karafuu, Wete. Siku moja mvua ya ghafla iliirowesha mikeka ya kuanikia iliyokuwa uani. Karafuu zenyewe zilikwishakauka, zimo maguniani, barazani, salama. Nikamwandikia wakala wa meli, mgeni asiyejua Kiswahili: "The sacks are beside the mats and they are wet." Akafahamu kuwa magunia ndiyo yaliyorowa. Karafuu iliyorowa huota ukungu, akaikataa. Meli ikaondoka, mzigo ukabaki.

Kosa langu lilikuwa kufikiri kwa Kiswahili nikaandika Kiingereza. Kwetu ningesema, "Magunia yapo kando ya mikeka, nayo imerowa," na hakuna ambaye angeuliza. "Imerowa" ni mikeka. Yangekuwa magunia, ningesema "yamerowa". Ngeli hutufanyia kazi hiyo bila sisi kuhisi. Kiingereza hakina ngeli zetu: gunia, mkeka, barua, chombo, kila kimoja ni "it", vikiwa vingi ni "they", na watu humo humo. Basi litajeni tena jina lenyewe: "and the mats are wet." Kulirudia jina si aibu.

Waingereza nao wanatenga tusipotenga sisi. "Yeye" wetu ni mmoja, wao wana "he" wa mwanamume na "she" wa mwanamke. Lakini hata hiyo "she" haitoshi wakiwa wanawake wawili. "Asha told Mwanaisha that she had passed." Aliyefaulu nani? Kama ni Mwanaisha, andikeni: "Asha told Mwanaisha, 'You have passed.'"

Na maneno ni hivyo hivyo. Sisi tukimwomba jirani jembe twaazima, naye akitupa atuazima. Kwa Kiingereza mwenye jembe ana "lend", mwombaji ana "borrow". Ukiyabadilisha, umempa mwombaji jembe la mwenziwe.

Kabla ya kukabidhi karatasi, wekeni kidole juu ya kila "it", "they" na "she", mjiulize: nani? nini? Kidole kikiona majina mawili ya kuendea, futeni, muandike jina. Msomaji yuko mbali. Hana wa kumuuliza ila karatasi iliyo mkononi mwake. Mimi sikumfikiria wakala yule, na msimu ule wenye karafuu waliumia kwa neno langu moja. Nyinyi mfikirieni.

Mungu awafungulie.