Mkipita Iringa, Shukeni Kalenga

Wajukuu zangu wa Tunduma, riziki mnaitafuta kwa jasho, na mimi bibi yenu nawaombea kila siku. Mnajua kwacha imeamkia bei gani kabla hamjanawa uso. Kariakoo mnaijua duka kwa duka, na Lusaka mnakwenda na kurudi. Ila jambo moja linaniuma. Barabara ya Dar es Salaam huwapitisha Iringa kila safari, na wengi wenu hamjawahi kukanyaga Kalenga. Mnapita mmelala, pazia la basi limefungwa, kana kwamba pale hapana mtu.

Kalenga ulikuwa mji mkuu. Hapo ndipo Mkwavinyika, huyu tunayemwita Mkwawa, alipotawala Wahehe, na akauzungushia ngome ya mawe kando ya Ruaha Mdogo. Leo ni kijiji tulivu, mwendo wa kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kwenye njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Mgeni asiyeuliza ataona mashamba ya mahindi na nyumba za bati, kisha aseme hapana cha kutazama. Ndiyo maana nasema mpe Kalenga siku nzima. Ukifika mbio mbio utaondoka mtupu.

Ninyi wa mpakani mna sababu kuliko wengine. Mstari huu unaotenganisha Tunduma na Nakonde ya Zambia, ambao umewaacha Wanyamwanga wengine huku na ndugu zao kule, ulikubaliwa Berlin tarehe 1 Julai 1890, baina ya Waingereza na Wajerumani. Hakuna mzee wa huku aliyeitwa kikaoni. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wajerumani chini ya Emil von Zelewski lilikuwa likipita Lugalo kuelekea kwa Mkwawa. Wahehe walilivizia na kulivunja kwa muda mfupi mno, na Zelewski mwenyewe akafa pale pale. Kwa hiyo mtoto anayekula na kuvaa kutokana na mpaka huu ajue kwamba walikuwako watu waliokataa kugawiwa kama shamba lisilo na mwenyewe.

Sasa nisikilizeni namna ya kwenda. Tunduma hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 400, na malori ya barabara ile mnayajua. Ondokeni alfajiri, mlale Iringa, na kesho yake iwe ya Kalenga peke yake. Chukueni sweta. Baridi ya Iringa mwezi wa sita na wa saba haina mchezo, hata kwa sisi tuliozoea ya Mbozi.

Asubuhi kunyweni chai ya maziwa, ya moto, na vitumbua au chapati, mkae chini mle. Msile mkitembea. Kisha pandeni gari la kwenda Kalenga, na mkimkuta mzee njiani, mwamkieni kwa lugha yake: kamwene. Ataitikia kwa furaha, na mlango wa mazungumzo utakuwa umefunguka. Akiwauliza mmetoka wapi, msiseme Tunduma tu mkanyamaza. Mwambieni kwamba kwenu Mbozi kuna kimondo pale Ndolezi, chuma kilichoshuka kutoka angani, cha tani zipatazo 12. Na kama wewe mwenyewe hujakiona, anza na hicho kwanza. Ni aibu kwenda kustaajabia ya wenzako hali ya nyumbani huyajui.

Kwenye makumbusho ya Kalenga lipeni kiingilio bila kunung'unika. Mwacheni mwenyeji aeleze mpaka amalize, ndipo muulize. Mtaonyeshwa silaha na vitu vya ukoo, na mtaonyeshwa fuvu la Mkwawa. Hapo vueni kofia, simu ziingie mfukoni. Msipige picha kabla ya kuruhusiwa, na mkiruhusiwa, msijipige mkicheka. Kile ni kichwa cha mtu, baba wa watu, na wajukuu zake wapo.

Habari yake ni hii. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaibomoa ngome na kuuteka mji. Mkwawa akaingia porini, akapigana miaka mingine karibu minne, na watu wake wakimficha na kumlisha ingawa kichwa chake kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe hai. Wakamkata kichwa na kukipeleka Ujerumani. Jambo hili lilikuwa zito kiasi kwamba mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofunga vita vya kwanza vya dunia, uliweka kifungu cha 246 kuitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa. Halikurudi. Miaka ikapita, vita vingine vikaja na kwisha, hadi gavana Edward Twining alipolifuata kwenye makumbusho ya Bremen, na mwaka 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Miaka 56 ukoo ulisubiri kichwa cha babu yao. Wenzetu wa Kilimanjaro bado wanakitafuta cha chifu wao Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Machi 1900.

Sitaki mrudi na hadithi ya upande mmoja. Mkwawa alikuwa mtawala wa vita, na majirani zake walionja mkuki wa Wahehe. Mkitoka huku kwetu, mkifika Mbalizi, mnakuwa jirani na Utengule, alikokimbilia Merere wa Wasangu baada ya Wahehe kuwasukuma kutoka Usangu. Wasangu hao waliungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, na ukisikiliza kilichowapata huwezi kuwatukana upesi. Nimesikia vijana wakiwagawa mababu kuwa mashujaa na wasaliti kama wanaochagua timu za mpira. Msifanye hivyo. Ulizeni Kalenga, ulizeni na Utengule.

Mkirudi mjini, kuleni. Kula ni sehemu ya ugeni, na mgeni anayebeba chipsi kwenye mfuko wa nailoni tangu kwao anamnyima mwenyeji heshima yake. Agizeni ugali na samaki wa Mtera, au kuku wa kienyeji kwa mboga za majani, mle kwa mkono. Kama ni masika mtakuta ulanzi, unaogemwa kwenye mianzi. Uliogemwa asubuhi hii ni mtamu, watu hudanganyika. Ukilala, huwa mkali wa kuangusha mwanamume. Mwenye safari aonje au aache kabisa. Kuna pia mgahawa wa Neema, ambako wahudumu wengi ni viziwi na mnaagiza kwa ishara au kwa kuandika. Nendeni mkakae pale, mjifunze kuomba chai bila sauti. Na kabla ya kuondoka piteni sokoni mnunue kikapu cha milulu. Msiwavunje bei akina mama wale kama mnavyovunjana hapa Tunduma, maana kikapu kimoja huchukua siku nyingi za mkono wa mtu.

Jioni ikibaki na mwanga, pandeni jiwe la Gangilonga, mwone mji wote chini yenu. Wenye siku ya ziada wafike Isimila, si mbali na barabara kuu, wakaone zana za mawe za watu wa kale mno.

Najua mtasema bibi, siku moja bila biashara ni hasara. Nami nimefanya biashara maisha yangu yote, nalijua soko halimngoji mtu. Lakini mzigo wa Kariakoo ukichelewa siku moja utaupata. Wazee wa Kalenga wanaojua kusimulia wanapungua, na kila anayezikwa anakwenda na yale ambayo hakuulizwa. Safari ijayo, mkikata tiketi ya Dar es Salaam, mwambieni wakala mnashukia Iringa.