Je, Una Haki ya Kumwambia Mwenzako Apunguze Uzito?

Liko jambo ambalo mume na mke wengi hushindwa kuambiana kwa upole, ingawa hulala kitanda kimoja. Jambo hilo ni unene. Mume humwona mkewe akihema anapopanda kilima kidogo, naye hunyamaza. Mke huona kitambi cha mumewe kikining'inia juu ya mshipi, naye hucheka tu. Wengine hawanyamazi, bali huchoma: “Umekuwa kama gunia!” Basi tujiulize: je, mtu ana haki ya kumwambia mwenzake apunguze uzito? Au mwili ni wa mwenyewe na kila mtu ajijue?

Kabla ya kumlaumu yeyote, tukumbuke tulikotoka. Katika sehemu nyingi za nchi yetu kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya mafanikio, na mke aliyenenepa alimletea mumewe sifa kwamba anamtunza. Tena, katika miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ulipowakondesha watu wengi, mtu akipungua majirani walianza kunong'ona. Hofu hiyo haijaisha kabisa. Wapo wanaoogopa kupungua kwa sababu ya midomo ya watu.

Lakini ukweli hauna budi kusemwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya kila watatu nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliozidi. Uzito kama huo huongeza hatari ya shinikizo la damu, kisukari na kiharusi, kwa wanaume na kwa wanawake. Na magonjwa haya hayamlemei mtu mmoja peke yake. Mume akipooza upande mmoja, mara nyingi mkewe ndiye atakayemwogesha na kumlisha. Mke akiugua kisukari, huenda karo ya watoto ndiyo itakayonunua dawa. Kwa hiyo anayesema “mwili ni wangu, niache” amesahau kwamba siku ya arusi alijitoa kwa mwenzake. Na anayeiona hatari akanyamaza ili asivuruge amani, upendo wake una upungufu.

Hata hivyo, wajibu wa kusema si ruhusa ya kudhalilisha. Chunguza moyo wako kwanza: je, nasema kwa kuwa naogopa kumpoteza, au kwa kuwa naona haya kutembea naye? Mwanamke aliyezaa watoto wanne hadaiwi mwili wa picha ya arusi, wala mwanamume wa miaka hamsini hadaiwi kiuno cha kijana. Kinachodaiwa ni kutunza uhai kadiri iwezekanavyo. Anayemlinganisha mkewe na wasichana wa mjini hajali afya yake; anatafuta kitu kingine.

Liko pia jambo la haki. Tuseme mume anamwamuru mkewe aache chapati, huku yeye kila Jumamosi yuko kwenye nyama choma na bia. Huyo anamtwika mwenzake mzigo ambao yeye mwenyewe hataki kuugusa. Mke naye akipunguza ugali kwenye sahani ya mume bila mazungumzo, mume ataona ananyimwa, maana kwetu sahani iliyojaa ni heshima. Basi zungumzeni kwanza, na si mezani mbele ya watoto. Chungu cha nyumbani ni kimoja. Kikibadilika, kibadilike kwa wote.

Mnaweza kuanza na chai. Kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4. Anayetia vijiko vitatu, akanywa vikombe vinne kwa siku, hula gramu 48, karibu kilo moja na nusu kwa mwezi. Ninyi wawili mkishuka hadi kijiko kimoja kwa kikombe, mtaokoa karibu kilo mbili za sukari kila mwezi, na pesa hizo zitanunua maharagwe na matunda. Mafuta ya kupikia nayo pimeni kwa kijiko badala ya kumimina, kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutia mwili nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya sukari, na nguvu isiyotumika hugeuka kuwa unene. Nusu ya sahani iwe mboga, kama sukuma wiki, managu au terere. Robo iwe ugali au wali. Robo nyingine iwe ndengu, maharagwe, samaki au nyama kidogo.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa mwendo wa haraka, angalau dakika 150 kwa juma. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Anayelima na kuteka maji pengine amekwisha kuzitimiza. Anayekaa dukani au ofisini bado. Tembeeni pamoja jioni. Mtapata na nafasi ya kuongea, jambo ambalo nyumba nyingi zimelikosa.

Msitafute miujiza. Mtu wa kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8 tu, shinikizo la damu na sukari mwilini vinaweza kupata nafuu. Epukeni dawa za kukondesha zinazouzwa ovyo. Mama mjamzito au anayenyonyesha asijinyime chakula, na anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kabla ya kubadili mlo. Anayekonda bila kukusudia, naye aende hospitali upesi.

Basi, je, unayo haki ya kumwambia mwenzako? Naam, unayo, ikiwa uko tayari kula mlo uleule na kutembea njia ileile pamoja naye. Kama hauko tayari, anza na sahani yako mwenyewe, na maneno yangoje kwanza. Haba na haba hujaza kibaba. Huenda mwenzako akakufuata kabla hujamwambia lolote.